Vifuniko vya Alfajiri

Tangu mumewe azikwe, mjane hakuwa ameingia stoo. Alipozikumbuka chupa za soda ya nanasi ambayo marehemu aliiacha ichachuke, alijua atakuta vigae tu; vifuniko visipolegezwa kila asubuhi, gesi haina subira.

Alizikuta zima, zimekazwa vizuri.

“Ahsante kwa kuzitunza, mwanangu,” alimwambia bintiye.

“Mimi? Mama, mimi hata chai naiunguza! Si wewe? Kila alfajiri nasikia fsss, kisha bismillahi ya kunong’ona.”

Jioni hiyo mjane alifunga stoo, akaulalia ufunguo. Alfajiri wakasimama mlangoni, wameshikana mikono. Fsss, ikasikika ndani. Kisha nyingine.

Binti alitaka kukimbia. Mama alitamani sauti ile isikome maisha yake yote. Lakini aliyezikwa ana haki ya kupumzika. Akaegemeza paji la uso mlangoni.

“Baba watoto, lala. Kazi hii nimeipokea.”

Kukawa kimya.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuwa amezigusa chupa. Vifuniko vilikuwa vimetuna kwa gesi, vikiungoja mkono wa mjane.