Chupa Kumi za Mjomba

Ofisini walimwita Mjuaji, na jina lilimkaa. Mwingine angenuna. Yeye alilipokea kama koti lililoshonwa kwa vipimo vyake, akaendelea kujua. Ukimuuliza kwa nini mfumo wa kompyuta umegoma, hakuanza na "labda." Alikwambia umegoma wapi, kwa sababu gani, na nani aliyeuchokoza. Tena mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililowaudhi wenzake kuliko maringo yenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya ziada ya kutembea kifua mbele. Kampuni yao ndogo ilikuwa inakabidhi mfumo mpya kwa hospitali. Mjomba, kaka wa mama yake na mwenye kampuni, alikuwa amemwambia ndani ya gari, macho yakiwa barabarani, "Tukishakabidhi leo, mwanangu, kampuni ni yako. Mimi nimechoka kuamka mapema."

Mjuaji alijibu "Haya, Mjomba," kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akageukia dirishani atabasamu peke yake. Alikitaka kiti cha Mjomba. Alikuwa akikitaka tangu enzi za sare ya shule, Mjomba alipokuwa akimfundisha kompyuta kwenye meza ya chakula, sahani zikisukumwa pembeni na mke wa Mjomba akilalamika kwamba watu wa nyumba hii watakula waya siku moja. Hakuona sababu ya kujifanya hakitaki.

Chumba cha mikutano cha hospitali kilikuwa na viti vipya ambavyo hakuna aliyethubutu kuvivua nailoni, kwa hiyo kila mtu alipojigeuza, kiti kilipiga kelele. Mbele alikaa mkuu wa hospitali, mtu aliyesomea utawala, mchangamfu, mpenda hotuba. Pembeni yake alikaa metroni, saa imebanwa kifuani, miwani imeshuka puani. Nyuma yao walijaa wauguzi na makarani. Mjomba alivaa suti yake ya shughuli kubwa, na alikuwa ameshapeana mikono na chumba kizima.

Mjuaji alisimama kando ya skrini na kuanza. Mfumo huu, aliwaeleza, si programu moja kubwa. Ni vipande. Kimoja kinaandikisha wagonjwa, kingine kinashika majibu ya maabara, kingine kinajua damu iliyoko benki ya damu kule ghorofa ya chini. Vyote vinaishi ndani ya seva, ile kompyuta kuu, na hakuna kinachojua mwenzake amekaa wapi. Kikimhitaji mwenzake, kinamuulizia kwa jina, na seva inaangalia kwenye saraka yake ya majina na kumleta anayeitika jina hilo.

"Ni kama ukifika mapokezi ukasema namtaka mhasibu," alisema. "Hujui anakaa chumba gani, wala haikuhusu kama ni yule wa zamani au ameajiriwa jana. Unaletewa mhasibu. Akihamishwa ghorofa, wewe hubadilishi chochote. Unaendelea kumuulizia kwa jina lilelile."

Watu walitikisa vichwa, wengine kwa kuelewa, wengine kwa adabu. Metroni hakutikisa.

"Mimi nauliza la kwangu," alisema. "Sasa hivi mgonjwa akihitaji damu, napiga simu chini, nahesabiwa chupa. Kuanzia leo nisipige tena?"

"Usipige tena, mama. Unaandika kundi la damu, unabonyeza hapa, jibu linakuja."

"Na jibu hilo nilichukulie ni sawa na la simu?"

"Ni bora kuliko la simu," alisema Mjuaji, naye aliamini kila neno. "Simu inaweza isipokelewe."

Akaonyesha. Akatafuta kundi O chanya, likaja jibu: ipo, chupa kumi. Wauguzi wakaguna kwa kuridhika. Mkuu wa hospitali, ambaye hakuweza kukaa bila kushiriki, akanyoosha mkono.

"Hebu nitafutie na ya kwangu. AB hasi. Madaktari huniambia niendeshe gari taratibu kwa sababu yake."

Watu wakacheka. Mjuaji akaandika, akabonyeza. Ipo, chupa kumi.

"Kumbe nilikuwa naogopa bure," alisema mkuu wa hospitali, na makofi yakapigwa, viti vikalia kwa nailoni. Metroni aliinua miwani na kuitazama skrini kwa muda mrefu kuliko wengine.

Mjuaji aliisoma ile namba mara ya pili. Damu ile ni adimu. Hospitali ya ukubwa huu ikiwa na chupa moja ya AB hasi, watu wanasimuliana. Kumi hazipo, na wala hazijawahi kuwepo. Akaandika kundi jingine, kimyakimya, kama mtu anayejaribisha tu. Ipo, chupa kumi. Jingine. Chupa kumi.

Na hapo hapo akamjua mwenye kumi zile. Mjomba, kila alipohitaji namba ya kujazia nafasi kwenye programu ya mfano, aliandika kumi. Wanafunzi kumi, ng'ombe kumi, magunia kumi. Zamani, kwenye ile meza ya chakula, Mjuaji alimuuliza kwa nini isiwe saba, akajibiwa kwamba kumi haina maswali.

Picha nzima ilimjia kwa mkupuo. Wiki iliyopita yeye Mjuaji alikuwa kwa mteja mwingine, na mkuu wa hospitali alikuwa amembana Mjomba kweli aonyeshwe chochote. Kipande cha damu kilikuwa bado hakijakamilika. Mjomba akaweka cha bandia kwenye seva, kipande kisichoangalia stoo yoyote, kazi yake ni kujibu "ipo" kwa kila kitu. Na ili skrini ikikute, akakisajili kwa jina lenyewe la kipande cha kweli. Akaonyesha, akapongezwa, akaenda zake. Jana Mjuaji alipoleta kile cha kweli, kilikuta jina limeshachukuliwa. Seva ilinung'unika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake, katikati ya maelfu ya mistari, kisha ikaendelea na shughuli. Naye, pamoja na ujuaji wake wote, aliuliza kama jina linaitika. Liliitika. Hakuuliza anayeitika ni nani.

"Mniwie radhi kidogo," alisema, akachukua simu ya ukutani na kupiga benki ya damu. Akamsalimia mhudumu wa kule, akamuuliza AB hasi ziko ngapi.

"AB hasi?" Mhudumu alicheka. "Mwanangu, hatujaiona siku nyingi."

"Na O hasi?"

"Mbili. Na moja imeshawekewa mtu."

Akashukuru, akakata. Mjomba alikuwa ameshainuka. Alimjia kando ya skrini akiwa na tabasamu la wageni usoni na akamwambia chini chini, "Nimeona. Nilisahau kukiondoa. Kabidhi kwanza, mchana nitaingia nikitoe mwenyewe. Hakuna atakayejua."

"Mchana metroni atakuwa ameshaacha kupiga simu."

"Ni masaa machache tu."

"Mtu akihitaji damu ndani ya hayo masaa, ataambiwa ipo. Watamfungua tumbo wakiisubiri, Mjomba."

Tabasamu halikuondoka, ila sauti ilibadilika. "Unanivua nguo mbele ya wateja niliowatafuta mimi. Ukiharibu hapa, usidhani maneno ya kwenye gari yanasimama."

Yalimchoma. Ingekuwa uongo kusema hayakumchoma. Alimtazama mtu huyu aliyemlea kikazi, akaona jasho kwenye kola ya suti, akamwonea huruma, na bado hakuyumba hata kidogo. Kuna mambo alikuwa na mashaka nayo maishani, lakini hili halikuwemo.

Akageukia watu. "Hatukabidhi sasa hivi," alisema. "Mlichokiona hapa kuhusu damu si kweli. Mfumo unawadanganya."

Chumba kikapigwa na butwaa. Mkuu wa hospitali alicheka kwanza, akidhani ni sehemu ya onyesho, kisha akaacha.

"Si kweli vipi? Nimeona kumi kwa macho yangu."

"Umeziona, na hazipo. Nimewapigia chini. Ya kwako hawana hata moja."

"Na hizo kumi zimetoka wapi?"

Mjuaji alimwachia Mjomba nafasi. Alimwachia ya kutosha kabisa, mpaka mtu mmoja nyuma akakohoa. Mjomba alivua miwani na kuifuta kwa tai.

"Zimetoka kwetu," alisema Mjuaji. "Ni kipande cha mfano, kiliwekwa kwa ajili ya maonyesho, hakikuondolewa. Kinatumia jina la kipande cha kweli. Nyinyi mkiulizia benki ya damu, seva inawaletea huyo. Na mimi jana nilitakiwa kumshika, sikumshika. Sasa nitafanya kazi hapa hapa mbele yenu, mkitaka kuangalia karibuni."

Hakuna aliyetoka. Alivuta kiti, nailoni ikalia, akakaa. Akafungua saraka ya majina kwenye skrini kubwa ili kila mtu aione. Akalitafuta jina, akafuata anayelishikilia, akamkuta: programu ndogo, mistari michache, haijui stoo wala friji. Akaifuta. Kisha, makusudi, akabonyeza tena AB hasi kabla ya kuweka kitu kingine.

Skrini ikawa nyekundu. Jina halipatikani.

"Umeliua kabisa?" aliuliza mkuu wa hospitali.

"Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa. Nyekundu ni afadhali. Ukiona nyekundu, metroni atapiga simu."

Metroni, kwa mara ya kwanza, alitikisa kichwa.

Mjuaji akakileta kipande cha kweli. Jina sasa lilikuwa wazi, kikasajiliwa bila manung'uniko. Hakuridhika na hilo. Aliiuliza seva anayeitika ni nani, akasoma jibu kwa sauti, akahakikisha ni chenyewe, kilichofungwa kwenye stoo ya chini. Halafu akaandika AB hasi. Chumba kizima kilisogea mbele, watu wazima wakisubiri neno moja kwenye skrini.

Hakuna.

Kuna mtu alipiga makofi, akajishtukia, akaacha. Mjuaji akaandika O hasi. Zipo mbili, moja imewekewa mtu. Metroni aliivua miwani, akaikunja.

"Hiyo sasa ndiyo benki yetu ya damu," alisema. "Naifahamu kwa umaskini wake."

Mkuu wa hospitali hakufanya mzaha tena. Alisema watatumia wiki nzima simu na skrini kwa pamoja, ndipo wazungumze habari ya kukabidhi. Akamwomba metroni waandike leo hii maombi ya damu adimu, akatoka bila hotuba. Wauguzi walimfuata wakinong'ona. Mjomba alipeana mikono na waliobaki, safari hii haraka haraka.

Kwenye gari hakuwasha injini. Alikaa na funguo mkononi, tai imelegezwa, akitazama ukuta wa maegesho. Mjuaji alifunga mkanda na kusubiri. Hakujutia alichokifanya, ila kile kiti alikuwa ameshakiaga, na kilimuuma.

"Ungeweza kunivuta pembeni," alisema Mjomba hatimaye.

"Pembeni ungenishinda. Sijawahi kukushinda pembeni."

Mjomba alipumua kwa pua. Pengine kilikuwa kicheko.

"Hukunitaja."

"Haikuhitajika utajwe. Ilihitajika zile kumi ziondoke."

"Nilikuachia ulibebe peke yako, mbele ya wale wote." Alilisema polepole. "Nilikuwa nimesimama pale pale, na mdomo ninao."

Mjuaji aliulegeza mkanda kidogo. Hakutaka kumwambia si neno, kwa sababu lilikuwa neno, na kubwa. Alikuwa amemngoja aseme chochote, na alikuwa bado anaumia kwamba hakusema. Mjomba naye hakuomba kuambiwa si neno. Muuguzi mmoja akapita mbele ya gari na kopo la chai.

Simu ya Mjomba iliita kwenye dashibodi. Ilikuwa namba ya hospitali. Simu hiyo alikuwa akiipokea yeye tangu kampuni ianze, hata akiwa mezani, hata msibani. Aliitazama ikiita, kisha akaichukua na kumnyooshea mpwa wake.

"Pokea."

"Wanakutaka wewe, Mjomba. Wanamtafuta mkuu wa kampuni."

"Nimesikia wanamtafuta nani," alisema Mjomba, na kuwasha injini. "Pokea."