Maktaba ya Kisasa

Mtu akiuza vitu vyako halafu akakucheka mbele za watu, una njia mbili. Unaweza kupiga kelele, ukanywa maji, ukalala. Au unaweza kunyamaza. Mkutubi alinyamaza, na wasichana wake wa shule wangekuwepo wangejificha chini ya meza, maana wao walikijua kimya kile.

Alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari ya wasichana, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwanamke wa miwani na sketi ndefu, anayewanyamazisha wasichana mia sita kwa kuweka kidole mdomoni. Lakini mpe padi ya gemu mkononi uone. Atakutandika mpaka usahau ulikuja na nani. Gemu ndiyo ilikuwa starehe yake tangu usichana, na kila alipopokea mshahara alijinunulia diski moja, mara nyingine moja kwa miezi mitatu, hadi zikafika sitini na moja. Kila diski aliifanyia kama anavyofanyia vitabu: jalada la plastiki, namba kwa wino mweupe ubavuni, na kadi yake iliyoandikwa kwa mkono. Kwa diski hizo na mashine yake moja alifungua chumba cha gemu kwenye sebule ya mama yake, ile inayotazama barabara. Yeye akiwa shuleni, mdogo wake wa kiume ndiye aliyekaa pale kupokea wateja.

Mdogo mtu huyo walimwita Kisasa, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Viatu vya kisasa, mapenzi ya kisasa, hata uji alikoroga kisasa, na uji ulikuwa na mabonge kama wa watu wengine tu.

Basi Mkutubi akaenda mafunzo ya kazi wiki mbili. Aliporudi, hata begi hajaliweka chini, akaona rafu tupu. Badala ya mashine yake kulikuwa na mashine mbili nyeupe, nyembamba, zinang'aa. Chumba kilijaa wateja.

"Diski zangu ziko wapi?" aliuliza.

"Zipi, zile takataka?" Kisasa hakugeuka hata kichwa. "Nimemuuzia fundi simu wa pale kona, pamoja na lile limashine lako. Dada, amka! Siku hizi hatununui gemu. Unalipia kwa mwezi, unafunguliwa gemu mia nne. Mia nne, dada! Wewe ulikuwa na ngapi?"

"Sitini na moja."

"Sitini na moja!" Kisasa aliwatangazia wateja, na wateja wakaangua kicheko, wakiwemo wale waliojifunzia kucheza kwenye diski zilezile. "Nenda kawagongee mihuri wanafunzi wako. Huku tumeshahama."

Alimtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio. Mama akashusha macho. "Yaishe, mwanangu," alisema. "Ni vitu vya kuchezea tu. Na huyu ni mdogo wako."

Hapo ndipo Mkutubi alipojua kwamba hakuna atakayemlipia kisasi chake isipokuwa yeye mwenyewe. Na alichokitaka kilikuwa kimoja tu, wala hakikuwa fedha. Alitaka Kisasa anyooshe mkono mbele ya watu walewale, atafute kitu anachodhani ni chake, na akikose. Basi.

Wiki ile ile Kisasa alimwita mchoraji, akaandikiwa ubao wa kutundika mlangoni kwa herufi nyekundu: MAKTABA YA KISASA. Kampuni ya zile gemu za kulipia ilikuwa imejitahidi kuweka Kiswahili kwenye skrini, na pale gemu zinapopangwa palisomeka "Maktaba yako". Neno lile lilimkolea Kisasa. "Umeona?" alimwambia dada yake. "Yako! Wameandika yako!"

Mkutubi akausoma ubao, akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Maktaba! Miaka kumi na moja hajawahi kumwona mtu aliyeingia maktaba akadhani vitabu ni vyake. Kitu cha maktaba kina tarehe. Unapewa, unakitumia, siku ikifika kinarudi kwa mwenyewe. Kampuni ilikuwa imemwambia Kisasa ukweli mchana kweupe, kwa lugha ya mama yake, naye akaupaka rangi akautundika mlangoni.

Kuanzia siku hiyo akaanza kupita pale kila jioni akitoka kazini. Anasalimia, anakaa, anatabasamu. Watu wakasema dada mtu ana moyo mzuri, amesamehe. Moyo mzuri! Alikuwa akisoma. Mkutubi akishika kitabu huanza na karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma, mkono wenyewe unakwenda huko, na jicho lake lilifanya vivyo hivyo kwenye skrini. Wengine walitazama picha za mabondia na magari. Yeye alitazama pembeni, chini, kwenye maandishi ya kijivu. Kisasa kila ujumbe uliotokea aliujibu kwa kidole gumba kabla haujamaliza kufunguka: Sawa, Sawa, Sawa.

Tarehe mbili ya mwezi uliofuata, chini ya picha ya Ngumi Kumi, akayaona: "Inaondoka maktabani tarehe 20."

Ngumi Kumi ndiyo iliyokuwa roho ya chumba kile. Gemu ya ngumi, ya zamani kidogo, ambayo ukimpiga mwenzako makonde kumi mfululizo anaanguka chali na skrini inatikisika. Gemu nyingine mia tatu na tisini na tisa watu walizifungua, wakazichungulia, wakarudi kwenye Ngumi Kumi. Mkutubi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akasoma tena. Halafu akaaga akaenda kupika.

Siku nne baadaye Kisasa alimjia na kalenda. "Dada, nataka kufanya shindano la Ngumi Kumi, kubwa, halijawahi kutokea. Nakodi viti, maturubai, spika. Naalika mitaa mitatu. Unaonaje Jumamosi ya tarehe kumi na tatu?"

"Kumi na tatu wanafunzi wana mitihani," Mkutubi alisema. "Utakosa watu." Kidole chake kikateremka mstari mmoja kwenye kalenda. "Weka ishirini."

"Ishirini?"

"Labda wewe uone inakupa shida."

"Tarehe ni tarehe tu, dada," Kisasa alisema, akaizungushia duara.

Kwa neno hilo tu, Mkutubi alijiambia, anastahili yatakayomkuta.

Lakini tusimpake matope: kuna siku alikaribia kumwambia. Ilikuwa Jumatano ya wiki yenyewe. Alimkuta mama yao anapiga pasi kitambaa cha meza ya wageni huku anaimba, na Kisasa amepanda juu ya kiti anafunga taa, jasho linamtoka, ana furaha kama mtoto. Mkutubi alifungua mdomo. Ndipo meza ikayumba, na Kisasa akashuka, akachutama, akasukuma vizuri kile alichoupachikia mguu mfupi wa meza usicheze. Zilikuwa kadi zake. Kadi za diski sitini na moja, kwa mwandiko wake, zimekunjwa mara mbili na kukanyagwa. Mkutubi akafunga mdomo.

Kesho yake alikwenda kwa fundi simu. Diski zilikuwa zimekwisha, fundi alimwambia kwa huruma, moja huku moja kule, kwa wapita njia asiowajua majina. "Ila mashine bado ninayo, mwalimu. Na kuna diski ilisahauliwa tumboni mwake. Nilipoiwasha ikanguruma, nikaitoa." Akavuta droo, akaitoa ikiwa ndani ya jalada lake lililokuwa limebaki tupu. Namba kumi na saba. Ngumi Kumi.

Mkutubi aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na mkwaruzo.

"Ichukue tu, ni yako," fundi alisema. "Ningejua hukuridhia nisingezigusa. Mdogo wako aliniambia umechoka nazo."

"Alisema nimechoka nazo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi nisaidie jambo moja. Jumamosi mchana iweke hiyo mashine mezani, uunganishe na televisheni yako kubwa, na usogeze hizo kabati upate nafasi."

"Kuna nini Jumamosi?"

"Utapata wageni."

Jumamosi ilifika. Watu walijaa hadi barabarani, waendesha bodaboda, vinyozi, wanafunzi wa chuo, mafundi wa gereji na mafuta yao mikononi. Mama alikaa mbele kabisa kwenye gauni lake zuri. Kisasa alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akashika maikrofoni. "Mabibi na mabwana! Hapa hatuna gemu sitini. Hapa hatuna makopo na vumbi. Karibuni kwenye maktaba ya kisasa!" Watu wakapiga makofi. Akanyoosha padi kuelekea kwenye skrini, akabonyeza Ngumi Kumi kwa madaha.

Ikatokea kufuli. Chini ya kufuli: "Mchezo huu haupo tena kwenye maktaba yako."

Kisasa akabonyeza Sawa. Ikarudi. Akabonyeza tena. Akaenda kwenye mashine ya pili. Kufuli. Akaizima, akaiwasha, akawaomba watu dakika mbili.

"Si uinunue tu!" kinyozi mmoja alipaza sauti. "Inunue moja kwa moja tucheze!"

Kisasa akaingia dukani, kulekule kwenye skrini, macho ya watu wote mgongoni mwake. Duka likamjibu: "Mchezo huu hauuzwi tena." Mtu akapiga mluzi. Mwingine akadai hela ya kiingilio. Mama aliinuka nusu, akakaa.

Mkutubi aliyaangalia yote akiwa ameegemea ukuta, na tusidanganyane, aliona utamu. Aliuona hadi kwenye magego. Kisha akafungua mkoba wake, akapita katikati ya watu taratibu, akamnyooshea mdogo wake lile jalada la plastiki lenye namba kumi na saba.

"Dada!" Kisasa nusura apige magoti. "Dada, Mungu akubariki!" Akaichomoa diski, akainama kwenye mashine. Akatazama mbele ya mashine, akitafuta pa kuiingizia. Akatazama ubavuni, akaigeuza, akatazama nyuma penye nyaya. Akaishika ile ya pili, akaipapasa pande zote kama mtu anayetafuta kifungo cha shati gizani. Chumba kizima kikamtazama.

"Hazina mdomo," alisema hatimaye, polepole, akijiambia mwenyewe.

"Hazina," Mkutubi alisema. "Za kisasa hazina."

Kicheko kilichopasuka pale kilivuka barabara. Wenye viti waliangukia migongo ya wenzao. Mkutubi akaitwaa diski mkononi mwa Kisasa, akaiweka kwenye jalada. "Inachezwa kwa fundi simu," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini watu mia walimsikia. Akatoka. Wakamfuata wote, mitaa mitatu, na wengine walibeba viti vya kukodi vichwani.

Kwa fundi simu shindano lilikuwa la mshindi anabaki, mshindwa anampisha anayefuata. Mkutubi aliwaangusha vinyozi wawili, fundi gereji na mwanachuo mmoja aliyejiita Radi. Nje foleni ilipinda kona. Ilipofika saa kumi akaita, "Anayefuata!" na aliyeketi kando yake alikuwa Kisasa. Miwani ya jua ameivua. Alikuwa amepanga foleni saa nzima kama mtu yeyote.

Pambano likaanza, na Mkutubi akamhesabia makonde kumi bila kumwachia hata moja la kurudisha. Skrini ikatikisika. Watu wakapiga kelele.

Kisasa hakuinuka. "Ulijua," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ishirini. Ulijua."

"Nilijua."

"Mbele ya mama, dada."

"Nawe ulinifanyia mbele ya mama."

Kisasa aliitazama padi mapajani mwake. "Nisamehe."

"Sema wasikie."

Akageuka, akawakabili wale waliomcheka na waliowahi kumchekea, akasema, "Niliuza vitu vya dada yangu bila kumwuliza. Nikamdharau. Namwomba msamaha." Fundi simu aliacha kazi yake mkononi. Watu wakamgeukia Mkutubi, nyuso zimelainika, wakingoja amkumbatie.

Mkutubi aliona macho ya mdogo wake yamejaa machozi. Alimpenda, hilo halikuwa na ubishi. Lakini alikuwa anawaza kuhusu zile sitini, kila moja na mwezi wake wa mshahara, moja huku moja kule, mikononi mwa watu ambao hata majina yao hayajulikani.

"Nimesikia," alisema. "Sasa zirudishe."

Kisasa akaiweka padi mezani.

"Basi mpishe mwenzio," Mkutubi alisema, akageuza uso kwenye skrini. "Anayefuata!"