Ngumi ya Chumvi

Kabla ya saa nne asubuhi Shadiah, mtoto wa miaka miwili, alikuwa ameharisha mara saba. Mama yake, Ramlah, alimfunga mgongoni, magamba ya samaki bado mikononi, akatoka Masese, mtaa wao wa wavuvi, mbiombio hadi kituo cha afya.

Karani Kirunda hakumtazama mtoto. Alisema pakiti za dawa ya kuchanganya na maji zimeisha, kisha akafungua daftari lililokwisha kuandikwa kwamba mtoto amepewa pakiti mbili. Wino haukukosekana. Wino hauishi kamwe pale.

"Weka kidole hapa, mama. Dawa itakuja. Nyumbani changanya maji, sukari na chumvi."

Kiasi gani, hakusema, na foleni ilikuwa inamsukuma Ramlah. Akaweka kidole.

Kwa miaka tisa amekuwa akiwatia chumvi samaki wa kuuza, na mkono wake haujui kipimo kingine ila ngumi. Basi alitia ngumi moja ya chumvi kwenye jagi la maji, na sukari kidogo. Mtoto alikunywa kwa pupa, akatapika, akaharisha tena, akalia bila machozi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ramlah alitoka nje, akaingia, akatoka tena, hajui aketi wapi.

Naigaga, jirani anayejitolea kufundisha afya mtaani, aliingia, akaonja maji ya jagini, akatema.

"Chumvi hii ni ya samaki. Samaki ukimtia chumvi, maji yake yanaenda wapi?"

Ramlah alijua. Chumvi huyavuta nje, na kila jioni yeye huyamwaga kutoka kwenye beseni. Alilichukua jagi, akamwaga yote nje.

Naigaga alichanganya upya: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bila kurundika. Anayeharisha, alisema, hupoteza maji na chumvi pamoja, na lazima virudi pamoja, kwa kiasi. Walimnywesha kijiko kimoja kimoja mchana kutwa. Saa kumi na moja jioni leso ambayo Ramlah alimbebea mtoto ililowa mkojo; maji yalikuwa yamerudi mwilini, naye Ramlah akalia kwa furaha.

Kesho yake alirudi kumwambia Kirunda afute alama ya kidole chake. Kirunda akasema daftari halifutwi. Mbele ya meza, mwanamke mwenye mtoto aliyelegea alikuwa ameshachovya kidole kwenye wino.

Ramlah alimshika mkono.

"Usiweke, dada. Hawajakupa kitu. Njoo nikuonyeshe nusu kijiko."