Breki ya Mbele

Wageni wakishuka kwenye boti mimi nawajua kwa macho yao. Anayeangalia chini anatafuta choo. Anayeinua simu juu anatafuta mtandao. Anayegeuka huku na huku kama kuku mgeni, huyo ni wangu, anatafuta usafiri.

Yule dada hakugeuka popote. Alitoka gatini akaja moja kwa moja mpaka bandani kwangu, begi moja mgongoni.

"Wewe ndiye Anko wa pikipiki?"

"Inategemea. Kama umetumwa na mke wangu, mimi ni mdogo wake Anko."

Hakucheka. Akatazama pikipiki zangu sita, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua wodi.

"Nataka kuzunguka kisiwa chote."

"Kisiwa chenyewe hiki? Ukipiga chafya huku, wa upande wa pili anafuta uso."

"Mdogo wangu alikodi kwako mwezi wa tatu," akasema. "Yule aliyefia mteremkoni."

Nina diploma ya ufundi mitambo, na kule chuoni walimu walisema mdomo wangu ndio ungestahili digrii. Siku hiyo ulikauka.

Nikampa kiti, akakataa. Akanionyesha simu yake. Mdogo wake alimtumia picha nne siku ile, akizunguka. Yeye alitaka kupita palepale, kwa mpangilio uleule.

"Sijaja kugombana, Anko. Nina swali moja tu. Alipofika hapa, alionekanaje?"

"Mzima kabisa. Tulicheka sana."

"Kwa sababu nyumbani wanasema alijiua."

Akaeleza akiwa amesimama. Karatasi ya polisi ilisema pikipiki haina hitilafu, breki zinashika, barabara kavu, mchana kweupe, na barabarani hakuna alama yoyote ya tairi kuburuzwa. Na mwezi mmoja kabla, mchumba wake alikuwa amemwacha. Baba yao akaisoma ile karatasi, akaikunja, akasema mtu mwenye akili timamu haruki kona kama ile. Tangu siku hiyo hataki kusikia jina la mwanawe. Hali ya mama yao ndiyo inayotisha zaidi. Siku ya mwisho alimwambia kijana aache kulialia mapenzi kama mtoto, aondoke aende akapunge upepo mahali. Akaondoka. Sasa mama hali, analishwa.

"Nimemwahidi nitarudi na jibu," dada akasema. "Lolote."

Jibu nilikuwa nalo mimi.

Sisi wakodishaji wa hapa tuna mtindo wetu. Mgeni asiyezoea pikipiki akiingia kwenye mchanga akaogopa, anakamata breki ya mbele kwa nguvu zake zote. Gurudumu linakufa, yeye anaruka kichwa chini, kioo kinavunjika na meno yanafuata. Kwa hiyo tunalegeza waya wa breki ya mbele mpaka ule mkono wa kubania unabaki pambo. Anabaki na breki ya nyuma tu, na barabara ya ufukweni ni tambarare, inamtosha. Tunafanya hivyo wote, miaka nenda rudi, na tunajiona wema. Sharti ni moja: umwambie akifika mnara wa simu ageuze. Baada ya mnara kuna mteremko mrefu, na breki ya nyuma peke yake inaungua kabla hujafika katikati.

Na kijana nilimwambia. Nilimwambia hivi: "Ukifika mnarani geuza, huko chini kuna majini yanapenda vijana watanashati." Akacheka mpaka akainamia tangi. Mimi nikafurahi, nimepata mcheko. Sikuongeza neno.

Nikafunga banda, nikamkabidhi dada pikipiki iliyo bora, ambayo breki zake nilizikaza mbele yake mwenyewe, nami nikapanda nyingine. Anaendesha vizuri. Ni muuguzi, anapeleka chanjo vijijini kwa pikipiki mwaka mzima. Alinipita kwenye mchanga kama mimi ndiye mgeni.

Picha ya kwanza ilikuwa kiwanda cha chumvi kilichokufa, mabwawa yamekauka na kupasuka. Akasimama palepale mdogo wake alipopigia picha. Ya pili ilikuwa mikokoni, kijana ameshika mguu mmoja wa kaa, uso umejikunja kwa woga. Ya tatu, mbuzi amesimama juu ya boti lililopinduliwa, na chini yake ameandika: "Nahodha."

Hapo dada akacheka, kidogo tu, halafu akaziba mdomo. "Mtu anayetaka kufa anaandika hivi?" akauliza.

"Sijui, dada."

Nilijua. Nilisema sijui.

Ya nne ilikuwa mnarani. Kijana ameinua dole gumba, nyuma yake bahari yote. Dada akaiangalia muda mrefu, akazima pikipiki, akaanza kuteremka kwa miguu. Nikamfuata. Jua lilikuwa linachoma lami mpaka inanuka. Kwenye kona kuna jiwe moja jeupe, kisha hakuna kitu, miti ya chini tu na mawe.

Akapiga magoti barabarani. Akapapasa lami kwa kiganja, taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo, kama anayetafuta mshipa kwa mtoto mchanga. Mvua zimeshanyesha mara ngapi tangu mwezi wa tatu! Lakini aliendelea kupapasa.

"Hakuna," akasema. "Hata mkwaruzo. Mtu anayetaka kuishi anafunga breki, Anko."

Nikageukia lile jiwe jeupe.

Akainuka, akajipangusa magoti. "Basi. Nitakwenda kumwambia mama kwamba baba alikuwa sahihi. Angalau aache kungoja."

Akaanza kupanda mlima. Nikamwangalia mgongo wake na begi lile. Nikawaza pikipiki zangu sita, wanangu wawili wako shule, mke wangu anayedhani ameolewa na mtu mcheshi. Nikawaza pia kwamba jioni atapanda boti, na sitamwona tena maishani. Wazo hilo lilinipa raha, na ile raha nikaichukia.

"Dada," nikaita. "Rudi ukae kivulini. Nina la kukwambia, na halichekeshi."

Nikamwambia mtindo wetu. Nikamwambia majini na vijana watanashati. Nikamwambia na lile la mwisho, ambalo sijamwambia hata mke wangu. Mlinzi wa mnara alinipigia mimi kabla ya kuwapigia polisi, kwa sababu namba yangu imeandikwa kwenye tangi. Nilifika wa kwanza, nikateremka pale mawe yalipo, na kwa spana namba kumi nikaukaza ule waya wa breki ya mbele. Polisi walipokuja wakaubana mkono, ukashika; ya nyuma hawakuijaribu. Wakaandika breki zinashika.

Alinisikiliza kama wanavyosikiliza wauguzi hospitalini, bila kukata neno.

"Alama hazikuwepo kwa sababu hakuwa na breki," akasema.

"Alikuwa na ya nyuma. Iliungua. Nilipoifungua baadaye nikakuta ngoma ya breki imegeuka bluu na viatu vya breki vimekuwa mkaa. Ili iwe vile lazima ukanyage bila kuachia, dada, kutoka juu mpaka hapa. Alikanyaga njia nzima."

Akafumba macho. Nikadhani amemaliza maswali.

"Ulipofika alikuwa ameshakufa?"

"Ameshakufa."

"Ulimpima?"

"Mlinzi aliniambia…"

"Sikuulizi mlinzi. Wewe ulimgusa shingoni? Ulisikiliza pumzi?"

Upepo ulikuwa unapiga nyaya za mnara huko juu.

"Nilikwenda kwenye pikipiki kwanza," nikasema.

Alinitazama. Nimewahi kutukanwa na walevi, nimewahi kupigwa kofi na mgeni aliyevunjika mkono, na ningepokea vyote hivyo mara kumi kuliko lile jicho. Kisha akatoa simu, akapiga, akaongea kwa sauti ya chini: "Mama, kuna mtu hapa. Msikilize." Akanipa.

"Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka chini ya mablanketi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyemkodisha mwanao pikipiki."

Nikaeleza upya. Yale ya kumpima shingoni nilipoyakaribia, dada akatikisa kichwa mara moja. Nikayaruka.

Nikadhani mtandao umekatika, chini ya mnara wenyewe.

"Kwa hiyo alikanyaga breki," mama akasema.

"Alikanyaga, mama. Kwa nguvu zake zote."

"Mwanangu alitaka kurudi."

"Alitaka kurudi."

Akaanza kulia, na katikati ya kulia nikasikia, "Asante, baba. Asante sana." Nikamrudishia dada simu haraka.

Kituo cha polisi kiko karibu na gati. Dada hakuniambia twende. Alipofika njia panda aligeuza upande ule tu, nami nikafuata nyuma yake, na hakuangalia kama nakuja.

Mkuu wa kituo ni mtu wangu, tumekunywa naye chai miaka minane. Aliponiona mlangoni akasukuma mafaili pembeni, akamwambia askari wa kaunta asogee asikie, maana Anko akija kazi zinalala.

"Karibu, karibu! Mgeni naye akae. Haya, leo umetuletea kipi?"

Dada akakaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mwezi wa tatu kuna kijana alikuja bandani kwangu, afande," nikaanza. Akajiegemeza kwenye kiti, mikono tumboni, ameshaanza kutabasamu, anangoja nifike pa kuchekesha.