Kumi na Wanane kwa Ishirini

Jumanne saa nne asubuhi mpimaji alihesabu viroboto-maji ishirini, vidudu vidogo kama punje za chumvi, akawagawa watano watano katika glasi nne. Kila glasi aliitia tone la manukato ya kiwanda cha sabuni. Wengine ishirini aliwaacha katika maji matupu, wawe mashahidi.

Alhamisi saa nne alizitikisa glasi taratibu, moja moja, akihesabu hadi kumi na tano. Asiyeogelea kufikia hapo huandikwa kuwa amedhurika. Kati ya wenye manukato, kumi na wanane hawakuogelea. Mashahidi wote waliogelea.

Alipokuwa akiandika, mkewe aliingia, akavuta kigoda. Alikuwa amevaa aproni ya kiwandani, na nywele zake zilinukia manukato yaleyale. Aliyakoroga miaka kumi na mmoja, mpaka kifua kikambana. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe.

“Wangapi, mume wangu?”

“Kumi na wanane.”

“Hesabu tena. Miwani umeikalia?”

“Nimeivaa, mama.”

“Basi leo ndiyo maajabu.”

Walihesabu pamoja, bega kwa bega. Walikuwa kumi na wanane. Mkewe alimfunga kifungo cha shati alichokuwa amekiruka, akamuuliza kama bado analala upande wake wa kitanda. Alisema ndiyo, upande wa pili ni baridi.

Kila kipimo mkewe huja, naye hukaa mpaka maji yamwagwe. Siku hiyo mpimaji aliyamwaga saa kumi na moja jioni, glasi moja baada ya nyingine, ya mwisho kwa kijiko.

Kesho yake alipeleka fomu kwa mkuu wa maabara.

“Mzee, mbona unatutia kitanzi? Wenye kiwanda hawataipokea hii.”

“Ndivyo walivyokuwa.”

“Rudia.”

Hiyo ilikuwa mara ya saba. Fomu sita zilikuwa drooni, zote zikisema kumi na wanane. Dirishani, bomba la kiwanda lilimimina povu mtoni, na hewa ilinukia vizuri.

Kila mara alikuwa ameandika kweli. Hilo aliweza kulisema mbele za Mungu. Lakini mkuu alipofunga droo, mpimaji hakuondoka.

“Nirudie lini?”

“Jumanne.”

“Haiwezekani nikaanza leo?”

Mkuu alisema vidudu wapya bado hawajakua. Mpimaji alirudi mezani pake, akainamisha kichwa kumshukuru Mungu, kisha akaona haya, akanyamaza katikati ya sala.