Kwetu Ndivyo Tulivyo

Daktari wa kwanza aliniambia niolewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sare ya shule mwilini. Nikamuuliza niolewe na nani, akasema hiyo si idara yake. Wa pili akasema nizae, maumivu yatakwisha yenyewe. Wa tatu alinipaka mafuta baridi tumboni, akanipitishia ile mashine ya picha, akatazama kioo weee, mwisho akanipa mkono. "Hongera. Kila kitu safi." Nikaangua kilio pale pale kitandani. Akadhani ni furaha, akanipa karatasi ya kujifutia na kumwita mwingine.

Jamani, mtu anayezimia kila mwezi hataki kuambiwa yuko safi. Ukiwa safi na bado unazimia, basi wewe ni mwongo, na watu wanaanza kukutazama hivyo.

Sasa nina miaka ishirini na tatu. Nashona sare kwenye karakana yenye vyerehani kumi na vinne, na changu ndicho kinachopumzika kuliko vyote. Wenzangu wananiita Likizo. Siku zangu zikifika, siku ya kwanza natapika, ya pili sinyooki mgongo, ya tatu natembea nimeinama utadhani natafuta sindano sakafuni. Habari za chooni sizisemi. Kwenye karakana hiyo hiyo mkataji mkuu ni Shangazi, dada yake baba, aliyenichukua nikiwa na miaka minne wazazi wangu walipofariki. Miaka ishirini kazini na hajawahi kukosa hata siku moja, na hapitishi wiki bila kunikumbusha.

"Mimi na wewe damu moja," husema, "ila mwenzangu ulishonwa kwa kitambaa chepesi cha bitana. Jikaze kisabuni, binti."

Daktari wa nne alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kikohozi, na ndiye wa kwanza kuniuliza swali kisha akasubiri jibu. Aliandika kurasa mbili nzima. Akasema anashuku endometriosisi: nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko, huko isikotakiwa, na kila mwezi inaleta vurugu zake. Ile mashine ya picha inaweza kupita juu yake isiione. Njia ya kupata uhakika ni kwenda hospitali kubwa, wanilaze usingizi, wapitishe kamera ndogo karibu na kitovu, waangalie. Nilitaka kumkumbatia. Miaka kumi naumwa na kitu kisicho na jina, halafu mtu analitaja tu huku anakohoa.

Kulikuwa na tatizo moja. Hospitali kubwa hawampokei mtu wa kulazwa usingizi bila ndugu aliye mtu mzima kutia saini, na mimi ndugu ninaye mmoja. Asiposaini hakuna kamera, na bila kamera nitabaki Likizo mpaka nizeeke.

"Wakutoboe tumbo kwa ajili ya hedhi?" Shangazi alisema, na mkasi haukusimama. "Thubutu! Nitakwenda mwenyewe kwa huyo daktari wako, nimweleze ukweli kwamba kwetu ndivyo tulivyo. Akishausikia atakurudisha kazini."

Jumatatu tukakaa kwenye benchi la kungojea. Shangazi alivaa viatu vyake vya harusini, mkoba ameubana tumboni kwa mikono miwili. Nikamsihi asiseme sana.

"Mimi?" akasema. "Mimi huwa sisemi." Akamgeukia mama aliyekaa pembeni yake na kumweleza habari zangu zote, pamoja na za chooni.

Tulipoitwa ndani daktari alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kama shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba huyu haumwi. Anadeka."

Daktari hakukasirika. Alivuta karatasi mpya. "Anasema siku ya kwanza anatapika."

"Kwani asiyetapika nani? Mimi natapika alfajiri, nanawa uso, saa moja niko mezani nakata. Mtu unatapika kwa mpango."

Daktari akaandika. "Na maumivu ya kushuka mguuni?"

"Hayo ni ya kawaida. Tena mguu wa kulia tu. Wa kushoto mzima kabisa, ndio ninaosimamia."

Niligeuka kumtazama. Karakana nzima inajua Shangazi hukata kitambaa kwa mguu mmoja kama korongo, na sote tulidhani ni maringo.

"Na chooni, siku hizo?"

Shangazi akashusha sauti. "Daktari, naona nyota mchana kweupe. Nauma taulo. Lakini hilo ni la wanawake wote."

"Wote akina nani?"

Shangazi akafungua mdomo ahesabu. "Mimi," akasema. Akafikiri. "Na huyu."

"Unatumia dawa gani?"

"Vidonge tu, viwili viwili. Na pasi."

"Pasi?"

"Ya karakana. Ikipoa poa naizungushia kitambaa, naiweka hapa." Akapandisha blauzi bila hata kuombwa. Chini ya kitovu ngozi ilikuwa na madoa ya kahawia yaliyoshikana kama wavu, ya miaka na miaka. Nimelala nyumba moja na huyu mtu miaka kumi na tisa na sikuwahi kuyaona. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Shangazi! Miaka yote hii unaniita bitana!"

"Usinipandishie sauti mbele za watu."

"Unajiunguza na pasi halafu mimi ndiye ninayedeka?"

"Nilikuwa nakufundisha," akasema. "Ningekufundisha nini kingine? Ndicho nilichokuwa nacho."

Daktari akakohoa, akauliza kwa upole, "Mama una miaka mingapi, na watoto wangapi?"

"Arobaini na sita. Watoto hakuna." Alilitoa haraka, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. "Niliolewa mara mbili. Wa kwanza alinirudisha nyumbani baada ya miaka mitatu. Wa pili alivumilia mitano, mtu mwema yule, hata begi alinibebea. Mawifi walisema nina roho mbaya, ndiyo maana tumbo halishiki. Lakini hayo hayahusiani, tuendelee."

Daktari aliweka kalamu chini. "Huenda yanahusiana, mama. Siwezi kusema kabla ya kukuangalia, na wako wengi wenye ugonjwa huu wanaozaa. Lakini wako ambao unawazuia."

Shangazi akaubana tena mkoba tumboni. Nje ya mlango muuguzi aliita jina la mtu mara mbili, na mtu hakuitika.

"Mtu anajitakia ugonjwa huu?" Shangazi aliuliza mwishowe.

"Hapana."

"Hautokani na roho mbaya?"

"Hapana, mama."

"Na miaka ile ugonjwa huu ulikuwepo duniani?"

"Ulikuwepo."

"Basi hakuna aliyeniambia," akasema Shangazi. "Nilipiga magoti kwa yule wa pili. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba msamaha, daktari, kwa kosa ambalo sikulijua." Machozi yalikuwa yanamshuka na uso haukujikunja hata kidogo. Mimi ndiye niliyelia kwa kelele. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuumia kwa ajili yangu.

"Na wewe unalilia nini?" akaniambia. "Si umepata ulichotaka? Lete hiyo fomu nisaini." Akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Kwenye mstari wa uhusiano na mgonjwa akaandika "shangazi", akampa daktari.

Daktari hakuipokea mara moja. Alikuwa anatoa fomu nyingine kwenye droo. "Na wewe ningependa wakuangalie, mama. Kwa miaka arobaini na sita hujachelewa kupumzika na maumivu. Ndugu wa karibu wa kukusainia ni nani?"

"Sina mtoto," akasema Shangazi.

Hakuna aliyemuuliza habari za mtoto. Ni jibu lililokuwa limekaa mdomoni tu, la miaka mingi, la misibani na harusini na kila ofisi yenye karatasi. Alipojisikia amelitoa akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba, na mkobani hamkuwa na kitu anachokitafuta.

Nilivuta ile fomu. Kalamu ilikuwa inaishiwa wino, lakini nikasaini. Kwenye mstari wa uhusiano nikaandika "mtoto", nikamsogezea.

Shangazi akavaa miwani. Neno lenyewe ni fupi, lakini alilisoma kwa muda mrefu sana.

"Mwandiko gani huu?" akasema. "Koleza hapo. Isomeke."