Sindano Kwenye Kumi na Mbili

Sindano ya geji, kile kipimo cha gesi, ilisimama kwenye kumi na mbili, na Rodah akaitazama kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa ndama wawili kwa mpigo. Mtambo wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe ulikuwa na majuma matatu tu, na tayari umejaa hivyo! Akafungua koki, akawasha kiberiti. Pfff, kikazimika. Akawasha cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na moja. Jiko lilimpulizia tu vidole.

"Hiyo ni gesi ama ni mtu anapoza chai?" akauliza Aron, mumewe, mlangoni.

"Baba Winny, niache."

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi wakwe wangetoka Ndanai kuja kwa koito, sherehe ya kumposa Winny, binti ya Rodah na Aron: watu thelathini wa kunywa chai na kula. Na kibanda cha jiko la kuni hakikuwapo tena. Rodah mwenyewe aliamuru kibomolewe, mbao zikaenda kwenye zizi, kisha akawatangazia akina mama kanisani kwamba kwake moshi umekwisha. Sasa aende kwa hao hao kuomba kuni? Afadhali wageni wanywe maji.

Akampigia simu Oyugi, fundi aliyejenga mtambo. Oyugi akafika saa tisa kutoka Sotik, akaitazama sindano, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Mama Winny, nilikuambia gesi ya kwanza uiachilie yote hewani. Uliiachilia?"

Rodah akapangusa meza iliyokuwa safi. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ulipotoka tu kwa geti, nikafunga."

Aron alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Huyu hata maji ya kusuuza mkebe wa maziwa hamwagi!"

"Ng'ombe wamefanya kazi, mimi nimebeba kinyesi, halafu nitupe gesi? Na kipimo kinasema kumi na mbili!"

"Mama," Oyugi akasema, "ukipeleka majani chai yamelowa mvua, mizani ya pale senta ya kununulia chai inasoma nini?"

"Inasoma yote. Majani na maji."

"Na karani?"

"Anakata kilo za maji, huyo mtu mbaya."

"Basi sindano ni mizani isiyo na karani. Humo ndani kuna hewa mbili. Kila moja inasukuma ukuta kwa nguvu zake, kama vile iko peke yake. Sindano inajumlisha tu. Hiyo kumi na mbili yako, labda tisa ni za kaboni dioksidi, ile ile inayozima moto. Methani inayowaka inasukuma tatu, imezingirwa. Utawasha nini?"

Maji kwenye majani Rodah aliyajua. Kila asubuhi ya mvua aligombana na karani kwa sababu yake.

Wakahakikisha hakuna moto karibu, Oyugi akafungua bomba la nje. Sindano ikaporomoka mpaka sifuri. Rodah akageuza uso, kama mtu anayechomwa sindano hospitalini.

Jumatano na Alhamisi alilisha mtambo kinyesi na maji kama alivyoelekezwa. Ijumaa asubuhi akachungulia: tano. Akapiga simu.

"Fundi, ni tano! Kumi na mbili imekataa, hii itafanya nini?"

"Hiyo tano, sehemu kubwa ni methani sasa. Mpaka kesho itapanda. Washa, mama."

Kiberiti kikagusa jiko, na moto ukaruka: wa buluu, umetulia, unaunguruma taratibu chini ya sufuria. Rodah aliketi kwenye kigoda bila kutaka, akacheka huku machozi yanamtoka.

Aron alikuwa mlangoni tena, mkebe wa maziwa mkononi.

"Mbona leo husemi kitu?" Rodah akamuuliza.

"Nangoja chai," akasema Aron, akavuta kiti.